Mabinti wa India kwenye kazi zilizoitwa za wanaume: tusiishie kutoa hongera, tuangalie na mageti yalifunguliwaje

#1 Mleta uzi

Wanajamvi, habari za muda huu.

Kila msichana wa Kihindi akitangazwa kuwa "wa kwanza" katika jambo fulani, picha yake inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, tunaandika hongera, kesho yake tumeshasahau. Mimi nilisoma Pune, na tangu nirudi nyumbani nimeendelea kufuatilia habari za kule. Kuna jambo moja zile picha hazisemi, nalo linanikera. Wengi wa mabinti hawa walikuwa tayari kitambo. Walikuwa na akili, nguvu na nia. Kilichochelewa ni sheria, usafiri na watu wenye funguo. Naomba tujadili hilo kwa mifano.

Naanza na mgodi, maana hapo jambo linaonekana wazi kuliko kwingine.

Akanksha Kumari ametoka Barkagaon, wilaya ya Hazaribagh, jimbo la Jharkhand. Ni eneo la makaa ya mawe, mtoto anakua akiwaona wanaume wakienda zamu na kurudi weusi kwa vumbi. Akasoma uhandisi wa migodi BIT Sindri. Sasa tazameni: chuo kinampokea binti, kinamfundisha jinsi ya kushikilia dari la mgodi lisiporomoke, kinampa shahada. Lakini Sheria ya Migodi ya India ya mwaka 1952, kifungu cha 46, ilisema mwanamke asifanye kazi chini ya ardhi kabisa, na hata juu ya ardhi afanye kati ya saa 12 asubuhi na saa 1 usiku tu. Yaani anasomea kazi ambayo nchi imeandika kwamba haimhusu.

Sheria ile ilikuja kwa sura ya huruma. Zamani wanawake wa India walishuka mashimoni, wakabeba makaa kwa mateso makubwa, na mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba namba 45 wa kuwatoa wanawake chini ya ardhi. Lakini Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto na makaa yakahitajika, serikali ya kikoloni iliondoa marufuku mwaka 1943, wanawake wakashushwa tena. Mwaka 1946, vita vimekwisha, ikarudishwa. Mwanamke alikuwa dhaifu wakati wa amani, akawa imara wakati wa shida! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hoja ya mwili haikuwa hoja.

Mwaka 2019 serikali ikalegeza. Wanawake wakaruhusiwa kushuka mchana kwa kazi za ufundi, usimamizi na uongozi, kwa ridhaa yao ya maandishi, na wasipungue watatu katika zamu moja. Akanksha tayari alikuwa ameingia kwenye mgodi wa zinki huko Rajasthan. Mwaka 2021 akajiunga na Central Coalfields, kampuni ya umma, akapangiwa mgodi wa Churi, North Karanpura, akiwa mhandisi wa kwanza mwanamke wa kampuni hiyo kufanya kazi chini ya ardhi. Hesabuni wenyewe: miaka 67 ya kufuli, na ndani ya miaka miwili tu binti wa palepale penye makaa yuko shimoni na kofia yake ya taa.

Jeshini ni vilevile. Wanawake wa India walikuwa wakirusha helikopta na ndege za mizigo tangu miaka ya 1990, ila ndege za kivita hapana. Uamuzi wa kuwafungulia ulitoka 2015, tena kwa majaribio. Tarehe 18 Juni 2016 watatu wakapewa kamisheni: Avani Chaturvedi, Bhawana Kanth na Mohana Singh. Februari 2018 Avani akairusha MiG-21 peke yake. Chuo cha kijeshi cha NDA nacho hakikupokea wasichana hadi Mahakama ya Juu ilipoamuru mwaka 2021 waruhusiwe kufanya mtihani wa kuingia. Mei 2025 wa kwanza wakahitimu, 17 kwa jumla.

Sasa Mirabai Chanu, ambaye nampenda kuliko wote. Mnyanyua vyuma kutoka Nongpok Kakching, kijiji cha Manipur. Alianza kwa kubeba kuni za nyumbani. Kituo cha mazoezi kilikuwa Imphal, mbali na kijijini, na nauli ya kila siku haikuwepo. Waliombeba ni madereva wa malori ya mchanga yaliyokuwa yakielekea mjini. Walimpa lifti bure, miaka na miaka. Kwenye Olimpiki ya Tokyo akanyanyua jumla ya kilo 202 katika uzito wa kilo 49 na kutwaa medali ya fedha. Aliporudi nyumbani Agosti 2021 aliwatafuta wale madereva na utingo wao, watu 150 hivi, akawaandalia chakula na kuwapa mashati na skafu za Kimanipuri.

Fikirieni kama dereva mmojawapo angekuwa mtu mbaya. Au kama mama yake angesema, kwa haki kabisa, mwanangu hapandi lori la wanaume. India isingekuwa na medali ile, na sisi tusingejua kwamba kuna kitu kimepotea. Ndiyo maana nasema tuangalie geti.

Karibuni. Wenye mifano mingine waongeze, wenye kupinga wapinge kwa hoja.

#2 Mzee wa Kijiweni

Mkuu nimekusoma vizuri, ila nina shaka. Hao wote wamebebwa na mashirika makubwa: jeshi, kampuni ya serikali, Olimpiki. Tuletee msichana wa kawaida wa kijijini asiye na shahada wala medali. Huyo ndiye anayefanana na mabinti zetu.

#3 Mleta uzi

Haki yako, mzee wangu. Basi sikia hawa.

Neha na Jyoti ni ndugu wa kijiji cha Banwari Tola, Uttar Pradesh. Baba yao alikuwa kinyozi, na kibanda chake ndicho kilicholisha nyumba. Mwaka 2014 akapatwa na maradhi mazito, kibanda kikafungwa. Mabinti walikuwa bado watoto wa shule. Wakakifungua wenyewe. Wateja wakasita: mwanaume mzima ampe msichana shingo na wembe? Wengine waliwadharau waziwazi. Wakakata nywele fupi, wakavaa mashati na suruali za kiume, wakajiita Deepak na Raju. Asubuhi shule, mchana kibandani. Wanakijiji waliowajua walikaa kimya, wateja wa mbali wakanyolewa bila kujua. Kwa pesa ile walimtibu baba na wakaendelea kusoma.

Miaka ikapita hivyo, mpaka mwandishi wa habari alipoandika kisa chao. Kisha tangazo la Gillette la mwaka 2019 likawatangaza India nzima, na mwaka huohuo Sachin Tendulkar, nyota wa kriketi ambaye kwa Wahindi ni zaidi ya mchezaji, akawapa uso wake wamnyoe.

Kinachoniuma ni ile miaka ya katikati. Kunyoa walikuwa wakijua tayari. Mikono ilikuwa ileile, iitwe ya Neha na Jyoti au ya Deepak na Raju. Kijiji kilihitaji kuona suruali na jina la kiume ndipo kiamini wembe hauna hatari.

Na hawako peke yao. Shafali Verma wa Rohtak, Haryana, naye alikatwa nywele kama mvulana ili apate nafasi ya kucheza kriketi na wavulana, kwa kuwa akademia za pale hazikutaka wasichana. Tarehe 2 Novemba 2025, kwenye fainali ya Kombe la Dunia la wanawake pale Navi Mumbai, alifunga mikimbio 87 na kuangusha wiketi mbili, India ikaifunga Afrika Kusini kwa mikimbio 52. Tena aliitwa mwishoni kabisa kuziba nafasi ya mwenzake aliyeumia.

#4 Dada wa Bandarini

Mleta uzi, umemsahau mtu wa kwetu sisi wa baharini. Reshma Nilofer Naha, binti wa Chennai. Mwaka 2018 alifuzu kuwa rubani wa meli kwenye mto Hooghly, wa kwanza mwanamke India katika kazi hiyo.

Kwa wasiojua kazi yenyewe: meli kubwa ikikaribia bandari, nahodha wake haijui njia ya pale. Rubani wa bandari anaifuata kwa boti ndogo, anapanda kwa ngazi ya kamba ubavuni mwa meli huku mawimbi yanapiga, anafika kwenye chumba cha kuongozea meli na kuchukua uongozi. Hooghly ni mto mgumu. Mchanga wa chini unahama, kupwa na kujaa kunabadili kina, na safari ya kutoka baharini hadi Kolkata ni ya saa nyingi. Kosa dogo meli inakwama mchangani na bandari nzima inasimama.

Mimi nafanya kazi za makaratasi bandarini. Nimeziona ngazi zile kwa macho yangu. Kila ninaposikia mtu anasema kazi ya bahari si ya mwanamke, namfikiria yule dada ananing'inia kwenye kamba usiku.

Wapo pia Dilna K na Roopa A, maofisa wa jeshi la majini la India. Wawili tu kwenye mashua ya tanga iitwayo Tarini. Waliondoka Goa Oktoba 2024, wakaizunguka dunia kupitia Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, wakarudi Mei 2025. Watu wawili, zamu za kulala mmojammoja, dhoruba za kusini mwa dunia. Sisi watu wa pwani tunaijua bahari, tunajua maana yake.

#5 Mpiga Hesabu

Mjadala mzuri. Niongeze takwimu ili tusibebwe na visa peke yake.

Kwa utafiti rasmi wa nguvukazi wa India (PLFS), wanawake wa miaka 15 na kuendelea waliomo kwenye nguvukazi walikuwa asilimia 23.3 mwaka 2017-18. Mwaka 2023-24 wakafika 41.7. Ukiishia hapo utasema mapinduzi. Lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo iko vijijini, kwenye kujiajiri na kusaidia kazi za familia bila mshahara. Mwanamke anayelima shamba la mume amehesabiwa. Kwa hiyo Akanksha na Avani ni wa kweli, ila tusidhani ndio sura ya wengi.

Upande mwingine kuna maeneo India imewapita wakubwa. Marubani wa ndege za abiria: India wanawake ni kama asilimia 15, wakati duniani wako kwenye asilimia 5 hivi. Januari 2021 kapteni Zoya Agarwal na wenzake watatu, wote wanawake, waliongoza ndege ya Air India kutoka San Francisco hadi Bengaluru kwa kupita juu ya Ncha ya Kaskazini, safari ya takriban kilomita 16,000. Na kwenye IIT, vyuo vikuu vya teknolojia vya India, ambako wasichana walikuwa wachache mno, kuanzia 2018 ziliongezwa nafasi maalumu kwa ajili yao bila kupunguza za wavulana, na lengo likafikishwa asilimia 20 mwaka 2020. Hilo linaunga mkono hoja ya mleta uzi. Wasichana hawakuongezeka akili ghafla mwaka 2018.

#6 Mwana wa Kinyasini

Assalaam alaykum. Nyote mnaizungumza India kama iko mbali, na sisi Unguja tunayo mlangoni.

Kule Tilonia, Rajasthan, kuna Barefoot College, ilianza mwaka 1972. Inawachukua wanawake wa vijijini, wengine hawajui kusoma, inawafundisha kuunganisha na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Walimu wenyewe ni wanawake wa vijiji vile. Wanafundisha kwa rangi za waya na kwa vitendo, hivyo mwanafunzi asiyejua Kihindi wala Kiingereza anafuata. Wanawake wa Zanzibar walipelekwa kule, wakarudi mafundi. Baadaye, mwaka 2015, chuo kikafunguliwa hapahapa Kinyasini.

Shangazi yangu mmoja ni zao la mafunzo hayo. Watu walisema mengi: mwanamke mzima anaacha nyumba kwa miezi, atajifunza nini? Leo taa ya mtu ikizimika anaitwa yeye, na waliosema mengi ndio wanaomwita. Naandika hili kwa fahari kubwa.

Na mjue kampasi ya IIT Madras iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 2023, ya kwanza ya IIT nje ya India, ilianza chini ya Profesa Preeti Aghalayam, mwanamke wa kwanza kuongoza kampasi yoyote ya IIT. Ajabu ni kwamba historia hiyo imeandikwa Unguja kabla ya kuandikwa Delhi au Mumbai.

#7 Mzee wa Kijiweni

Haya, mmenishawishi nusu. Nusu iliyobaki ni hii: mbona akishafika, wanamwangusha? Nilifuatilia yule mpiga mieleka wa Paris. Niliumia kama ni mwanangu.

#8 Mleta uzi

Vinesh Phogat. Mzee, umegusa penyewe.

Ukoo wake ni wa kijiji cha Balali, Haryana, jimbo ambalo kwa miaka mingi wavulana wamezaliwa wengi kuliko wasichana kwa sababu ya mimba za mabinti kutolewa. Kule ndiko Mahavir Singh Phogat alikochimba uwanja wa mieleka na kuwafundisha binti zake na wa ndugu yake, Vinesh akiwemo, kijiji kikimlaumu. Binti yake Geeta akaleta dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 2010. Sakshi Malik, wa Haryana hiyohiyo, akaleta shaba ya Olimpiki Rio 2016.

Mwaka 2023 Vinesh, Sakshi na wenzao walikaa barabarani Delhi, pale Jantar Mantar, wakimtuhumu aliyekuwa rais wa shirikisho lao kwa unyanyasaji wa kijinsia. Yeye alikana. Mei 28 polisi waliwakokota, mabingwa wale, picha zikaenda dunia nzima. Mwaka uliofuata Vinesh akashuka hadi uzito wa kilo 50, akafika fainali ya Paris, na asubuhi ya fainali mizani ikasoma gramu 100 za ziada. Akaondolewa. Oktoba ya mwaka huohuo aligombea ubunge wa jimbo pale Julana, akashinda.

Kwa hiyo ni kweli, geti la kuingilia ni moja tu. Ndani kuna mengine. Madereva wa treni wanawake wa India wamelalamika miaka na miaka kwamba vichwa vingi vya treni havina choo. Wamepewa kazi, wamepewa sare, kisha wanajizuia kunywa maji ili wamalize zamu. Jambo kama hilo haliingii kwenye picha ya hongera, lakini ndilo linaloamua kama wa pili na wa mia watakuja. Nikisikia shirika linajisifu kwamba limeajiri wanawake, swali langu la kwanza sasa ni choo kiko wapi.

Na pesa. Kriketi ya wanawake ilibadilika pale mwaka 2022 bodi ya India ilipoamua malipo ya mechi za timu ya taifa yawe sawa kwa wanaume na wanawake, na mwaka 2023 ikaanzisha ligi ya wanawake. Mnada wa kwanza Smriti Mandhana alinunuliwa kwa rupia milioni 34. Baba wa kijijini anayesitasita kumpeleka binti uwanjani anaelewa hesabu hiyo bila kuhubiriwa.

#9 Mama Wawili

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi nina jambo la nyumbani kwangu. Binti yangu mkubwa anamaliza kidato cha sita, anataka uhandisi wa migodi, na tumepata chuo kimoja India. Baba yake anasema kwanini asisome uhasibu tu, tena hapahapa. Ndugu wanaomjua Mleta uzi kwa michango yake, na Mleta uzi mwenyewe, nisaidieni. Nianzie wapi kuchunguza?

#10 Mleta uzi

Mama, asante kwa kutuamini. Kuhusu migodi, kwanza muulize baba yake kinachomsumbua hasa: usalama, pesa au maneno ya watu. Kila kimoja kina jibu lake.

Kuhusu chuo, waulizeni wanafunzi wanawake waliopo, sio ofisi ya udahili. Ulizeni hosteli ya wasichana inafungwa saa ngapi na ya wavulana saa ngapi. Nilipokuwa kule, vyuo vingi viliwafungia wasichana mapema jioni huku maktaba na maabara zikiwa wazi na wavulana wakiendelea kusoma. Mwaka 2015 wanafunzi wasichana wa Delhi walianzisha harakati za kupinga jambo hilo, Pinjra Tod, wakaandamana usiku mpaka baadhi ya vyuo vikasogeza saa. Vingine bado. Kwa mwanafunzi wa uhandisi, saa mbili za maabara kila jioni kwa miaka minne ni nyingi sana.

Ulizeni pia kama idara inawapeleka wasichana kwenye mafunzo ya vitendo mgodini, chini ya ardhi, au inawaachia kazi za ofisini wakati wenzao wameshuka. Hilo lipateni kwa maandishi kabla ya kulipa ada. Na kama kuna Mtanzania aliyesoma idara hiyo, mtafute. Waliomo humu wenye taarifa wamwandikie mama kwenye ujumbe binafsi.

#11 Dada wa Bandarini

Mama Wawili, nimekutumia ujumbe. Binamu yangu amesoma uhandisi kule, hosteli ya wasichana, na ataongea na binti mwenyewe kwa simu Jumamosi. Baba naye akae asikilize.